Anayedai Hasara na Atuonyeshe Ngozi

Mfugaji wa Kisaka ampapo jirani yake ng'ombe wa kumtunzia, maneno huwa machache lakini yanaeleweka. Mtunzaji atakunywa maziwa, samadi itakuwa yake, na habari ya ndama ni jambo wanalopatana wao wawili mbele ya watu. Ng'ombe ni wa mwenyewe. Ikitokea ng'ombe akafa, mtunzaji hatumi habari ya mdomo peke yake. Huja na ngozi. Ngozi ina alama ya mwenyewe, nayo huonyesha kama mnyama aliuawa na simba, au aliugua, au alichinjwa kwa kisu siku ya sherehe. Wala mtunzaji mwaminifu haoni kwamba ametukanwa anapoulizwa ngozi. Akasirikaye ni yule asiyekuwa nayo.

Tumeyakumbuka haya kwa sababu ya biashara moja iliyostawi katika nchi yetu, ambayo ndani yake watu huambiwa kila siku kwamba ng'ombe amekufa, wala hawaonyeshwi ngozi. Biashara hiyo ni ya senema. Twataka leo kusema waziwazi juu ya mapatano yaliyopo kati ya mtu atungaye, aongozaye au aigizaye mchezo wa senema, na mtu mwenye studio au mwenye kuusambaza. Vijana wa Tarime na Serengeti nao wanaweza kushika kamera kama wenzao wa mijini, na haifai waingie katika mapatano hayo wakiwa wamefumba macho.

Hatuna budi kuanza mbali, huko Marekani, kwa kuwa huko ndiko ujanja wenyewe ulikokomaa hata ukaletwa mbele ya hakimu. Mwaka 1988 kampuni ya Paramount ilitoa senema iitwayo Coming to America, habari za mwana wa mfalme wa Afrika aliyekwenda kutafuta mke New York. Senema hiyo ilipendwa mno, na fedha zilizolipwa milangoni duniani kote zilihesabiwa kuwa zaidi ya dola milioni 280. Mwandishi wa magazeti, Art Buchwald, akaenda mahakamani pamoja na mtayarishaji mwenzake, Alain Bernheim, akidai kwamba kisa kile kilitokana na andiko alilowauzia Paramount miaka ya nyuma, na kwamba mkataba wake ulimpa sehemu ya faida. Januari 1990 hakimu alikubali kwamba mkataba umevunjwa. Hapo ndipo kampuni ilipofungua daftari lake na kujibu: faida haipo, senema hii ingali katika hasara.

Msomaji, tafakari jambo hilo. Mamilioni ya watu wamelipa kiingilio, mwigizaji mkubwa amelipwa fedha nyingi, wakubwa wa kampuni wamekula na kushiba, lakini ifikapo zamu ya mtu aliyeahidiwa sehemu ya faida halisi, chungu ni kitupu. Desemba mwaka huo huo hakimu alisema kwamba namna ile ya kuhesabu faida, katika sehemu zake kadhaa, haikuwa ya haki hata mahakama isiweze kuikubali. Mwaka 1992 Buchwald akaamriwa alipwe dola 150,000, na mwenzake dola 750,000. Kampuni ilikata rufani, na mwisho wake wakapatana nje ya mahakama.

Katika shauri hilo limo jambo moja lililotuvutia kupita yote. Kampuni ilijitetea kwanza kwamba biashara ya senema ni ya bahati nasibu, kwamba michezo mingi hula hasara, na kwa hiyo ile michache inayofaulu sharti iibebe iliyoanguka. Neno hilo si la kipuuzi, nasi tutalirudia. Lakini ilipoonekana kwamba utetezi huo ungefungua njia ya kukaguliwa kwa hesabu zake zote, kampuni iliuacha. Iliona heri kupoteza hoja kuliko kufungua kabati la vitabu.

Sasa hesabu hizi hupikwaje? Si lazima mtu afute tarakimu wala kuandika uwongo. Yote huwa yamekwisha andikwa katika mkataba, na mwenye kutia saini ameyakubali bila kujua. Tuchukue mfano wetu wenyewe. Tuseme senema imeiingizia studio shilingi 100. Kwanza studio hujikatia shilingi 30 kwa kazi ya kuisambaza, ingawa msambazaji ni studio hiyo hiyo. Kisha hutoa shilingi 20 za matangazo, na juu yake hujiongezea shilingi 2 kwa ajili ya ofisi iliyoshughulikia matangazo. Kisha hutoa shilingi 35 zilizotumika kutengeneza mchezo, na juu yake shilingi 5 za ofisi, safari hii kwa taa na meza na makarani. Kisha hudai riba ya shilingi 8 kwa kuwa ilitanguliza fedha zake. Jumlisha, msomaji, utaona kwamba ni shilingi 100 kamili. Faida halisi ni sufuri, na mtu aliyeahidiwa asilimia tano ya sufuri amepata haki yake yote! Lakini itazame tena hesabu hiyo. Gharama za kweli zilikuwa shilingi 55. Shilingi 45 nyingine studio imejilipa yenyewe, kwa majina manne mbalimbali, na hakuna hata jina moja kati ya hayo linaloitwa faida.

Ndivyo ilivyompata Winston Groom, aliyetunga kitabu cha Forrest Gump. Senema iliyotokana nacho mwaka 1994 ilikusanya mamia ya mamilioni ya dola na kupewa tuzo kubwa kuliko zote za Hollywood, naye alipodai asilimia tatu yake ya faida halisi akaambiwa kwamba hakuna faida. Hata Peter Jackson, mwongozaji ambaye jina lake peke yake huleta watu mlangoni, ilimlazimu mwaka 2005 kuishtaki kampuni ya New Line juu ya hesabu za The Lord of the Rings, hata wakapatana mwaka 2007. Ikiwa mtu wa namna hiyo huhitaji mawakili na miaka miwili ili aone daftari, je, kijana wa Mugumu?

Yawezekana msomaji wetu wa Nyamongo akauliza mambo haya ya Hollywood yanamhusu nini. Twamjibu kwamba yeye ndiye ayajuaye kuliko sisi. Yeye ameishi kando ya mgodi wa dhahabu wa North Mara tangu ulipoanza kazi mwaka 2002. Ameyaona malori, ameisikia milio ya baruti, amejua kwamba dhahabu inatoka. Na kwa miaka mingi amesikia pia kwamba hesabu za mgodi zaonyesha hasara. Mwaka 2016 Baraza la Rufani za Kodi lilitoa uamuzi katika shauri la kampuni iliyokuwa mama wa migodi ile, huo wa North Mara ukiwa mmojawapo. Ilionekana kwamba katika miaka ya 2010 hadi 2013 kampuni iliwagawia wenye hisa wake gawio la zaidi ya dola milioni 400, na huku migodi ya hapa nchini, ambayo ndiyo iliyokuwa chanzo cha fedha, ikiandika hasara. Kampuni ilibisha, kama ilivyo haki ya kila mshtakiwa, lakini Baraza liliona kwamba kodi yadaiwa. Fedha zilizaliwa Tarime, zikaitwa hasara zikiwa Tarime, na zilipofika ng'ambo zikabadili jina na kuitwa gawio.

Nchi yetu ilijifunza kutokana na mambo ya namna hiyo, na ilichojifunza ndicho tutakacho watu wa senema wakione. Kwa Sheria ya Madini ya mwaka 1998 mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia tatu, nao ulihesabiwa baada ya kutoa gharama za kusafirisha na kusafisha. Sheria ya mwaka 2010 ilipandisha mrabaha hata asilimia nne. Lakini jambo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, halikuwa ile asilimia moja iliyoongezwa, bali kwamba tangu hapo mrabaha ulitozwa juu ya thamani ghafi, kabla mtu hajatoa hata senti ya gharama. Mwaka 2017 ukafika asilimia sita. Kisha yakaja mapatano ya mwaka 2020 na kampuni ya Barrick, ambayo kwayo Serikali ikapata asilimia 16 katika kampuni mpya ya Twiga. Mrabaha wa thamani ghafi haungoji faida. Dhahabu ikipimwa, mwenye nchi amekwisha pata chake. Mwenye mgodi na aandike hasara akipenda.

Wala si mara ya kwanza kwa watu wa ziwani kupambana na hesabu za mtu mwingine. Wazee wetu waliolima pamba miaka ya 1950 wanakumbuka mizani ya wanunuzi. Mkulima alifika na gunia, mnunuzi akapima, mnunuzi akasoma, mnunuzi akaandika. Ndipo wakulima wa Jimbo la Ziwa, wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, walipoweka wapimaji wao wenyewe kusimama kando ya mizani, na kutokana na juhudi hizo vikakua vyama vya ushirika, hata ukaundwa muungano wa vyama hivyo mwaka 1955. Hawakuanza kwa kudai bei. Walianza kwa kudai kuisoma mizani.

Tuingie sasa nyumbani katika senema yenyewe. Tangu miaka ile ya 2000 na kitu, baada ya mchezo uitwao Girlfriend kuonyesha kwamba watu wa Tanzania watalipa ili waone maisha yao wenyewe kwa lugha yao wenyewe, biashara hii ilikua upesi ajabu. Kariakoo ikawa ghala lake. Lakini mapatano ya kawaida yalikuwaje? Mtayarishaji alikwenda na masta, yaani nakala mama ya mchezo wake, akamkabidhi msambazaji pamoja na haki zote, akapewa fedha mkupuo mmoja, akaondoka. Nakala ngapi zilichapwa baada ya hapo? Ngapi zilikwenda Mwanza, ngapi Lubumbashi, ngapi Nairobi? Aliyejua ni msambazaji peke yake. Marehemu Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, maelfu ya watu walifurika kumzika, na kila mmoja wao alikuwa ameona uso wake katika kanda au sahani kadhaa. Hakuna mtu katika umati ule aliyeweza kusema ni nakala ngapi za kazi zake zilizouzwa. Twaona jambo hilo ni aibu ya biashara nzima, wala si ya mtu mmoja.

Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ilianza kutumia stempu za kodi kwa kazi za filamu na muziki. Wengi walizipokea kama kero. Sisi twaona stempu ilikuwa mwanzo wa ngozi: kila sahani ina alama yake, na alama huhesabika. Lakini stempu ilimhesabia mtoza kodi. Haikumhesabia msanii kwa nguvu ile ile, kwa kuwa mtu aliyekwisha uza masta na haki zote hana la kudai hata akiambiwa idadi. Na mwaka 2017, wasanii walipoandamana Kariakoo kupinga senema za kigeni zilizouzwa kiholela, tuliwaunga mkono moyoni, ila twakiri kwamba tuliona jambo moja limesahauliwa. Mwizi wa nakala huiba usiku, na kila mtu humwita mwizi. Mwenye mkataba mbaya hufanya kazi mchana, ofisini, na huagana na msanii kwa kumshika mkono.

Siku hizi sahani zimekwisha, na mambo yamehamia kwenye televisheni za kulipia na kwenye intaneti. Wapo wanaodhani kwamba sasa udanganyifu hauwezekani, maana mitambo huhesabu kila mtazamaji. Ni kweli mitambo huhesabu; lakini humwambia nani? Waandishi wa senema wa Marekani waligoma mwaka 2023 kwa siku 148, na waigizaji wakawafuata kwa siku 118, na moja ya madai makubwa lilikuwa hilo: kampuni za intaneti zilijua ni watu wangapi wametazama, na mfanya kazi aliyetengeneza mchezo hakujua. Waandishi walipata kwamba kampuni zikipeleke chama chao jumla ya saa zilizotazamwa, ingawa kwa siri, na kwamba mchezo unaotazamwa sana ulipe zaidi. Tazama jinsi dunia inavyozunguka: chama cha wafanya kazi katika nchi yenye mitambo kuliko zote kimegoma ili kiruhusiwe kuisoma mizani.

Tufanye basi kwamba vijana watano wa Kisaka wameamua kutengeneza mchezo. Wanacho kisa, pengine cha wizi wa mifugo na koo zilizopatanishwa; wanao wazee wa kupiga ritungu; na mandhari, Mungu awape nini tena? Baba zao wanakubali kuuza ng'ombe watatu. Mtu wa mjini anawaambia: mimi nitatia kamera, nitausambaza mchezo, nanyi mtapata nusu ya faida. Nusu! Neno hilo ni tamu, na kijijini mtu apewaye nusu hufikiri ametendewa kama ndugu. Sisi twawaambia kwamba heri shilingi kumi katika kila mia ya fedha zinazoingia kuliko nusu ya kinachobaki, ikiwa anayeamua kibakie nini ni huyo huyo mwenye daftari.

Wala hatusemi kwamba mwenye mali hana haki. Ni kweli kwamba senema ni biashara ya hatari, na anayetanguliza fedha hupoteza mara nyingi. Apate malipo ya hatari hiyo, tena malipo mema. Tunachokataa ni malipo yaliyofichwa. Na aandike katika mkataba, kwa Kiswahili cha kueleweka: mimi nitachukua kiasi hiki kwanza kwa kuwa nimehatarisha fedha zangu. Hapo watu watajua wanakubali nini.

Tena, tusimtazame mwenye studio peke yake. Wapo watayarishaji wadogo, ndugu zetu kabisa, wanaolia juu ya msambazaji asubuhi na jioni kuwaambia waigizaji wao: fanyeni kazi sasa, tukishauza tutagawana. Mama aliyetoa nyumba yake ipigwe picha hapewi kitu. Kijana aliyebeba taa siku kumi hupewa nauli. Mchezo ukiuzwa, hesabu hazisomwi mbele ya mtu yeyote. Unyonyaji haupungui kwa sababu ya udogo wa mnyonyaji, na vijana wa Kisaka wakiwa na kampuni yao kesho watapimwa kwa kipimo hiki hiki.

Na kwa kuwa twaandika habari za nchi ya Serengeti, yafaa tukumbuke kwamba senema si jambo geni hapa. Mwaka 1956 Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani na mwanawe Michael walitoa senema juu ya wanyama wa Afrika, nayo ikawapatia fedha. Kwa kuwa senema ilikuwa yao na daftari lilikuwa lao, waliweza kuamua fedha ziende wapi. Wakazitoa kwa ajili ya Serengeti, zikatumika kuhesabu wanyama kwa ndege. Michael alikufa katika ndege hiyo Januari 1959, na senema yao ya pili, Serengeti Haitakufa, ikapata tuzo ya Hollywood mwaka uliofuata. Tunaweza kubishana na Grzimek juu ya mengi, hasa juu ya wachungaji aliotaka waondoke hifadhini. Lakini hilo moja ni kweli: faida ya senema ilirudi porini ilikotoka kwa sababu mtengenezaji ndiye aliyeishika. Miaka hiyo hiyo Paramount walikuja Tanganyika na John Wayne kupiga picha za Hatari!, iliyotolewa mwaka 1962. Wakachukua vifaru, twiga na neno letu moja la Kiswahili kuwa jina. Sehemu gani ya mapato yake ilirudi? Watu wetu walilipwa ujira wa siku, basi. Leo kampuni za picha zijapo hulipa ada ya kupiga picha hifadhini, na hilo ni jema, maana ada hulipwa kabla ya kamera kufunguliwa na haingoji faida ya mtu. Lakini mzee atoaye hadithi yake, na mwimbaji atoaye sauti yake, hawamo katika ada hiyo.

Kwa hiyo twaiomba Bodi ya Filamu na Ofisi ya Hakimiliki zitoe mkataba wa mfano, ulioandikwa kwa Kiswahili, utakaopatikana bure katika kila wilaya, tusije tukasikia tena kwamba mtu wa Tarime ametia saini kurasa ishirini za Kiingereza mezani kwa mtu mwingine. Ndani yake sehemu ya msanii ihesabiwe juu ya mapato ghafi. Haki za mchezo zirudi kwa mwenyewe baada ya miaka iliyotajwa, zisiuzwe milele. Msanii awe na ruhusa ya kuleta mhasibu wake kukagua vitabu mara moja kwa mwaka, na ukaguzi ukionyesha kwamba alipunjwa, gharama ya ukaguzi iwe ya aliyempunja. Atakayesema kwamba masharti haya yataua biashara, tunamkumbusha kwamba maneno hayo hayo yalisemwa juu ya wapimaji wa pamba.

Maofisa Utamaduni wa Tarime na Serengeti wana kazi hapa, na vilevile matawi ya Chama, ambamo wamo walimu na makarani wengi wanaojua kusoma mizania. Kijana anayekwenda Mwanza au Dar es Salaam kutia saini asiende peke yake. Tawi limpe mtu wa kumsindikiza. Na yeyote aliyekwisha tia saini, ambaye mchezo wake unaonekana kila juma katika vibanda vya video vya Sirari na Mugumu huku akiambiwa kwamba haujalipa gharama, na aandike barua ya kudai hesabu wiki hii, abaki na nakala moja, na nyingine aipeleke Ofisi ya Hakimiliki.